Kiondo cha Nyanya Kwenye Nyumba ya DC

Jumamosi iliyopita nilikitoa kiondo cha nyanya yangu, kikapu cha kamba za kusokotwa, nyuma ya mlango wa jikoni, nikakikung'uta vumbi, nikakijaza ndizi mbivu na nduma zilizochemshwa. Binti yangu alinitazama kama mtu anayemwona mamake akivaa viatu vya miguu tofauti. Tulikuwa tunaenda kutembelea ile nyumba ya mawe iliyo nje kidogo ya mji wa Meru, aliyokaa DC, mkuu wa wilaya, wakati wa ukoloni, na kwa akili ya msichana wa leo, mahali panapokatwa tiketi mlangoni hapaendwi na nduma. Nikamwambia anyamaze abebe kibuyu cha uji. Sikumlaumu sana, rafiki yangu. Nilipokuwa na miaka tisa, kiondo hiki hiki kilinitia aibu hadi nikatamani ardhi inimeze.

Siku hizo tulikaa Kanyakine, na safari ya shule ya Jumapili kwenda nyumba hiyo tuliingoja mwaka mzima. Mwalimu wetu, mama mwembamba aliyetembea na filimbi shingoni hata kanisani, alikodi lori la kubebea majani chai, likaoshwa, likapangwa mabenchi ya kanisa. Alihitaji mtu mzima wa kumsaidia kutuangalia. Nyanya alijitolea kabla ya kuulizwa, jambo lililotushangaza nyumbani, kwa sababu hakupenda safari wala kelele za watoto.

Asubuhi hiyo jiko lilinuka moshi na majani ya migomba. Alizifunga nduma kwa majani hayo zikiwa bado moto, akajaza uji wa mtama uliochachuka kwenye kibuyu, akavaa kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisani. Tulipoketi ndani ya lori, akaushika mkono wangu akauweka juu ya paji la uso wake, akaniambia nipapase. Palikuwa na bonde dogo, refu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote nikidhani amezaliwa nalo.

Bonde hilo lilichimbwa na ukamba wa kiondo, unaopitishwa kwenye paji mzigo ukiwa mgongoni. Alipokuwa msichana, askari wa chifu aliwakusanya yeye na wenzake wapeleke udongo mweusi kutoka mtoni hadi kwa DC, kwa sababu DC alitaka maua na ardhi ya pale ilikuwa mawe matupu. Walipanda kilima msimu mzima, migongo imelowa, na hawakuruhusiwa kupita kona ya jikoni. "Nilipeleka viondo na viondo," aliniambia, "na hakuna hata siku moja kilirudi na kitu." Halafu akacheka, akasema leo anaingia kwa mlango wa mbele, akiwa mgeni.

Na kweli aliingia kwa mlango wa mbele. Mtunza nyumba, bwana mmoja wa tai aliyehamishiwa pale kutoka mbali, alikipokea kiondo kwa mikono miwili, akakipeleka nyuma kwa wafanyakazi wenzake. Sisi tukaachiwa nyumba. Ilinuka nta ya sakafu. Tulibishana kama bafu lenye miguu ya chuma linaweza kutembea, tukajaribu kuingiza vichwa kwenye dohani, kisha tukakimbilia uwanjani, ambako nyasi zilikuwa fupi na laini na mijakaranda ilisimama safu mbili hadi langoni, ikimwaga maua ya zambarau. Kwa mara ya kwanza maishani nilibingirika kwenye nyasi ambazo hakuna ng'ombe aliyezingoja.

Jioni ilipokaribia, mwalimu akapuliza filimbi. Yule bwana wa tai akamrudishia nyanya kiondo langoni, kimekunjwa vizuri.

Kwetu, kiondo kilichopeleka chakula kwa mtu hakirudishwi kitupu. Utatia viazi viwili, utatia konzi ya maharagwe, bora utie kitu. Ukikirudisha kitupu ni kama umemwambia mwenyewe asije kwako tena. Bwana yule hakujua. Nyanya akakikunjua, akatazama ndani, akaketi kwenye jiwe la lango.

"Shosho, kiondo yako ndio hiyo," bwana akasema.

"Nimeiona. Iko tupu."

"Kwani unataka nini, shosho?"

"Mimi sitaki kitu. Ni kiondo inataka."

Filimbi ikalia tena. Dereva akawasha injini. Watoto wakaanza kucheka, na mimi nikajificha nyuma ya mwalimu nikiomba nyanya asimame. Hakusimama. Alikuwa amengoja tangu usichana wake. Lori la majani chai lingemtisha nini?

Mtunza bustani, mtu wa kwetu, alikuwa akipunguza ua hapo karibu. Aliweka makasi chini, akaenda chini ya mijakaranda, akachimbua kwa panga mche usiozidi kiganja changu, pamoja na donge la udongo kubwa kama ngumi. Akaufunga kwa jani la mgomba lililokuja na nduma, akautia kiondoni. Nyanya aliutazama mche kidogo tu. Akamega udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Ni ule wa mtoni," alisema. Akapanda lori.

Mche ule ulikua ukawa mti mkubwa langoni kwetu, na hadi leo unachafua ua kwa maua yake, nami siufagii upesi. Nyanya hayupo tena. Ninamkumbuka sana, hasa ninapochemsha nduma.

Jumamosi nilikuta nyumba imepakwa rangi mpya, lakini mijakaranda yote imekatwa. Kuanzia ngazini hadi langoni wametandaza kabro, vile vitofali vya saruji, magari ya harusi yapate kuegeshwa. Nilimkabidhi kiondo afisa wa pale, msichana mcheshi mwenye kalamu sikioni, na saa ya kuondoka akanirudishia akicheka.

"Asante sana mum, tumekula nduma tamu!"

Nikatazama ndani. Nikaketi kwenye ngazi za mbele, nikanyoosha miguu.

"Kuna kitu umesahau, mum?"

"Hapana. Ni kiondo inangoja."

Binti yangu akanivuta mkono. "Mum, twende bana, watu wanatuangalia!"

"Waache waangalie," nikamwambia. "Tuko na wakati."

Afisa akakitazama kiondo, kisha akanitazama mimi, na tabasamu likamtoka polepole. "Woi," akasema, akashika mdomo. "Na vile shosho yangu kule Embu angenichapa!"

Akashuka ngazi mbio. Tulimwona akisimama katikati ya zile kabro, akigeuka huku, akigeuka kule, akitafuta mahali palipobaki udongo.