Kata Iliyomwagwa

Baba alikuwa na mbwa wa kulinda mahindi, maana nguruwe pori wa enzi zile hawakuwa na adabu. Siku moja mbwa mmoja alijigaragaza kwenye mzoga wa fisi. Aliporudi wenzake wakamnusa, wakamrarua mlangoni pa jiko, naye bado anatikisa mkia. Mama aligomba kwa sababu ya ulezi wake alioanika, lakini hayo tuyaache.

Mbwa yule nilimkumbuka enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Songea yamejaa mitumba na wagonjwa wanajinunulia hata sindano. Mdogo wangu, mchoma matofali, alikuwa na vidonda vya mdomo visivyokauka, majipu na homa. Nikampeleka hospitali ya misheni.

“Baba,” daktari akaniambia, “damu ina seli nyeupe, zinakula vijidudu. Mwili hutengeneza kingamwili za kubandika alama kwenye vijidudu. Za ndugu yako, nadhani, zinabandika kwenye hizohizo seli nyeupe zake mwenyewe. Halafu kuna protini nyingine humo damuni. Zikikuta ile alama zinaamshana, zinaigandia seli, mara nyingine zinaitoboa. Ikipita kwenye bandama inaliwa kama adui.”

“Nani kazituma?”

“Hakuna.”

Haya, kawaambie watu wa kwetu kwamba hakuna aliyetuma.

Vidonge vilimvimbisha uso tu. Seli zikapanda kidogo, zikashuka tena. Daktari akasema mdudu mdogo tu atamuua, asinywe chombo kimoja na watu. Sasa kwetu mkishalimiana, pombe ya komoni inazunguka kwa kata moja ya kibuyu. Ukiiruka, umesema jirani yako ana sumu. Mdogo wangu akawa anakuja na kikombe chake cha bati.

“Shemeji, siku hizi mzungu?” mume wa dada yetu akamtania.

“Mwache, anaogopa mate yetu,” mwingine akadakia.

“Si aseme tu kwamba tumemroga!”

Alicheka, midomo ikapasuka. Msimu mzima alicheka hivyo. Siku ya shamba langu akaweka kikombe chini.

“Leteni hiyo kata. Nimechoka.”

“Wewe, daktari alisemaje?” nikamuuliza.

“Kaka, nitapona lini?”

Akanywa, akampa yule shemeji aliyekaa pembeni yake. Shemeji akaitazama ile damu ya midomo ukingoni, akaimwaga pombe chini taratibu, akaomba kata nyingine.

Mdogo wangu akachukua jembe lake, akashika barabara ya Madaba, homa ileile mwilini. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka, na hakurudi.