Spindo ya Gari la Babu

Siku ya kwanza kazini niliripoti gereji ya Mjomba, Elerai, nikiwa na sare ya shule, kwa sababu nguo nyingine Mama alikuwa amezificha nisije nikazipaka oili. Ilikuwa likizo ya Juni. Mjomba, ambaye kwa cheo alikuwa Fundi Mkuu, Mhasibu na Mlinzi, aliniangalia akasema, "Wewe si umekuja kuazima pampu ya baiskeli?" Nikamjibu kwamba Mama ameniajiri. Hakubisha. Mama ni dada yake mkubwa.

Ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza mnadhani gereji ni kulala chini ya gari na kutoka mweusi. Enzi zetu, yaani mwezi uliopita, mtu alianzia Kitengo cha Kuosha. Nilipewa dumu lililokatwa nusu, dizeli na brashi, nikaosha nati mpaka nikaziota. Ndipo nikahamishiwa Miguu ya Mbele, yaani kwenye magurudumu ya mbele, hatua chache kutoka kwenye dumu langu. Sikuagwa hata kwa soda.

Gari langu la kwanza kukagua lilikuwa la Babu, baba yake Mjomba, bwana shamba mstaafu wa Kikwe. Ni gari dogo la zamani lenye taa za mviringo, kuukuu kuliko Mjomba na limetunzwa kuliko Mjomba. Babu aliwapeleka binti zake wengine wote kanisani siku za harusi zao kwa gari hilo, akiendesha mwenyewe. Alibaki mmoja, Mama mdogo Ndeshi, na harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Usiguse redio." Kisha akamgeukia Mjomba. "Kuna kasauti kidogo mbele kushoto. Angalia tu, usianze kufunguafungua."

Tulipiga jeki, tukaweka na stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Mjomba akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Halikucheza hata kidogo. Mimi nikaona safi, yeye akakunja uso.

"Baba, hii nati nani ameikaza?"

"Mimi. Kila Jumapili nikitoka ibadani. Ikianza kuchezacheza naibana."

"Inatakiwa icheze kidogo."

"Gari langu halichezi."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Beringi za mbele za magari haya ni za koni. Unakaza nati huku unazungusha tairi kwa mkono, likiwa zito unairudisha nyuma kidogo, beringi ipumue. Ukiinyima pumzi inapata joto. Babu alikuwa anainyima kila wiki, kwa mapenzi.

Mjomba alitoa kifuniko cha grisi, akachomoa kapini kanakozuia nati isijifungue, akavuta habu, yaani kitovu cha gurudumu. Grisi ilikuwa nyeusi kama ugoro. Gololi ndefu za beringi zilikuwa za bluu, na chuma kikiwa bluu ujue kimeungua. Ikabaki spindo, ule mkono wa chuma ambao gurudumu linauzunguka. Ukikatika, tairi linakwenda zake na ninyi mnakwenda zenu.

"Nani ana chaki?"

Nilikuwa nayo mfukoni, kwa sababu zisizohusu elimu. Mjomba aliipaka spindo mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaipaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Tukasubiri. Babu alitumia muda huo kunihubiria kuhusu nywele zangu.

Mstari ukatokea, mwembamba, kwenye shina la spindo.

"Huo ni unywele," alisema Babu.

"Unywele wa nani, Baba? Hapa wote tuna vipara isipokuwa huyu."

"Basi ni wa huyu."

Mjomba akafuta, akarudia upya. Mstari ukarudi palepale.

"Chomelea."

"Spindo haichomelewi. Na nyingine ya gari hili mpaka iagizwe, Jumamosi haiwahi."

"Nitakwenda taratibu. Dada zako wote nimewapeleka na hili."

"Najua, Baba."

"Ndeshi ananiuliza zamu yake lini tangu yuko darasa la pili. Nimwambie nini?"

Mjomba alifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Mwambie mwanao amekunyima ufunguo." Akautia mfukoni.

Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimkatalia Babu. Mzee alikaa juu ya tairi bovu, akaangalia chini. Mimi ukimya siuwezi, nikasema, "Basi lipande kenta."

Nilikuwa natania. Hakuna aliyecheka, jambo nililokwisha kulizoea. Babu akainua kichwa.

"Kenta ya nani?"

Nilistaafu Jumamosi hiyohiyo, maana Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Nikitazama nyuma, naona ukaguzi ni kazi ya ajabu. Ukikuta ufa, umeharibu sherehe ya mtu. Usipokuta, wanasema ulikuwa unapaka chaki tu. Lakini Jumamosi ile nilikuwa nimekaa mbele kwenye kenta ya kubebea ndizi, pembeni ya Mjomba, tukitoka Kikwe kwa mwendo wa maandamano. Nyuma yetu, juu, gari la Babu lilikuwa limefungwa kamba na maua. Ndani yake Babu ameshika usukani, Mama mdogo Ndeshi yuko kiti cha nyuma na shela lake. Tengeru ilikuwa siku ya soko, na wauza nyanya walisimama wote kumwangalia bibi harusi aliyepita juu ya vichwa vyao akipunga mkono. Kila kona, kwenye kioo cha pembeni, nilimwona Babu akikata usukani.

Kanisani bibi harusi alishuka kwa ngazi ya kuchumia parachichi. Babu akashuka wa mwisho, akafunga mlango wa gari taratibu, akamwendea Mjomba.

"Kona ya sokoni ulichelewa," akasema. "Mimi nilishakata zamani."