Jeneza Kwenye Kona ya Jirani

Sijasoma sana, kwa hiyo nikisema ukuta wa jirani haukuwa na kibali, naandika nilivyodhani tu. Labda kibali alikuwa nacho kabatini. Ila kila nilipomuuliza alinijibu neno moja, anatabasamu: "Kipo njiani, jirani." Msingi ukachimbwa kibali kipo njiani. Tofali zikapanda kibali kipo njiani.

Alikuwa anajenga fremu mbili za duka ubavuni mwa nyumba yake, hapa Tanga mtaani kwetu, na ukuta ukamega kichochoro pale kinapopinda. Nyumba yetu iko nyuma ya yake, na njia ya kutokea barabarani ni hiyo hiyo. Nisimwonee. Mtu wa Pemba yule ni muungwana. Mama alipougua, gari lililompeleka hospitali lilikuwa lake, na hata mafuta hakutaja. Ndiyo maana niliona haya kumlalamikia, nikawa naulizia kibali tu. Nami nikiona haya, ukuta unapanda.

Mama tangu hapo yuko chumbani, kutoka mpaka ashike ukuta. Hofu yangu ilikuwa hii: siku yake ikifika, tutamtoaje? Kwetu maiti hutoka amelala, mabegani mwa watu. Hasimamishwi kama godoro linalohamishwa.

Nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. "Mmekaa mkaongea?" Nikasema tumeongea. "Basi kaeni tena." Mwenyekiti wa mtaa akasema atapita. Hakupita, au alipita mimi sipo. Fundi naye akavuta utepe wake: "Mzee, hapa bodaboda inapita na gunia nyuma." Kweli inapita. Lakini bodaboda inakata kona. Kitu kirefu je? Nilibishana naye mpaka nikaanza kumwona ana haki.

Basi nikaona nipime kwa kitu chenyewe. Baada ya alasiri nikamwomba mtunza msikiti jeneza. Nilipomweleza sababu, akanipa. Wenzangu watatu niliosali nao safu moja wakanisaidia kulibeba. Sikufikiria jambo moja, na hapo ujinga ni wangu mtupu: jeneza halipiti mtaani watu wakaendelea kukaanga mihogo.

"Nani?" muuza mihogo akauliza, anaepua karai. Kabla sijafungua mdomo mteja wake akamjibu, "Si mama yake huyo! Alikuwa mgonjwa!"

Kilio kikapanda. Wanawake wakajitanda kanga, wakatufuata. Napiga kelele, "Hajafa! Tunapima njia!" Nikasikia mmoja anasema, "Masikini, uchungu umemchanganya."

Jirani akatoka mbio, peku, macho yameshalowa. "Inna lillahi! Hata hukunambia?" Akamsogeza mwenzangu wa mbele, akaingiza bega lake, kama watu wanavyopokezana.

"Jirani, hili tupu," nikamwambia.

"Najua tupu. Si ndio twenda kumchukua?"

Nikanyamaza. Mpaka leo sijui kunyamaza kule kulikuwa haki.

Akatuongoza yeye mwenyewe kichochoroni. Kwenye kona ya ukuta wake, jeneza likagonga. Akarudi nyuma, akaliinua kidogo, akajaribu tena. Likagonga.

"Lilazeni ubavu," mtu akasema.

"Ubavu vipi, wewe!" jirani akafoka. "Mama wa watu nimpitishe ubavu?"

Mlango wetu ukafunguka. Mama akatokea, kashika ukuta. "Mnamzika nani?"

Vilio vikakatika. Mwanamke mmoja akakimbia kabisa.

"Shikamoo, mama," jirani akasema, jeneza bado begani.

"Marahaba. Hilo langu?"

Jirani akanitazama mimi, akatazama tofali zake, akashusha jeneza taratibu.

"Umenifanyia mchezo wa kuigiza."

"Sikukusudia."

"Ungenambia."

"Nimekwambia tangu msingi!"

"Wewe waniuliza kibali, kibali. Hukunambia mama."

Nilikuwa na hasira za miezi, na majibu nilikuwa nayo tele, kwamba mtu hahitaji kuambiwa njia ya watu ni njia ya watu. Lakini hilo moja lilikuwa kweli. Mama sikuwahi kumtaja.

Akamwita fundi. Fundi akanuna, akauliza nani atalipia saruji. Jirani akaokota nyundo akaanza mwenyewe. Kona ikaanguka kabla ya magharibi, kesho yake ikajengwa mshazari. Ukuta uliobaki umesimama pale pale, na habari za kibali sikuuliza tena.

Jioni ile ile ya kuvunja tulilipitisha jeneza mara ya pili. Lilikata kona limelala sawasawa. Mama alikuwa amewekewa kiti mlangoni, analiangalia linavyokuja.

"Haya, basi," akasema. "Lirudisheni, lisije likaizoea njia."

Kisha akaniambia waliokuja kumlilia wasiondoke hivi hivi. Nikaenda kubandika chai.