Siku Sebeya Iliponyamaza

Wiki iliyopita mafundi wangu walizima mashine ya zege waende kula, na uwanja mzima wa kazi ukawa kimya ghafla. Ni hoteli yangu ya pili, ya ghorofa nne, karibu na ziwa hapa Gisenyi. Ukipita lazima utaiona. Mafundi walikuwa wananawa mikono na kutaniana. Mi nilikuwa nimeshasimama, macho yanatafuta mahali pa juu pa kukimbilia. Msimamizi akaniuliza, "Patron, iko nini?" Nikamjibu hakuna kitu. Lakini kitu kipo, rafiki yangu, na wewe nitakueleza.

Mi si mtu wa shule. Niliishia darasa la tano, na leo waliomaliza shule ndio wanaobisha hodi ofisini kwangu kuomba kazi. Malori yangu yanajulikana kuanzia Mudende hadi Goma. Hayo nakuambia ili ujue kwamba anayesimulia si mtu wa kushtuliwa na upepo. Ila mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtoto wa miguu mitupu, nalelewa na nyogokuru, yaani bibi mzaa mama, kwenye mteremko ulio chini ya bwawa la mto Sebeya.

Halikuwa bwawa kubwa. Lilikuwa ukuta wa mawe na saruji ulioziba mto kati ya vilima viwili, chini una mlango wa chuma, na pembeni bomba nene linashuka hadi kwenye mashine za umeme. Lakini sisi tuliishi kwa bwawa lile. Taa za mji zilitoka pale, na mashine ya kusaga mahindi iliunguruma kwa nguvu yake. Mfereji mmoja ulitoka ubavuni kwake ukapita kwenye bustani zetu kwa zamu, leo kwetu, kesho kwa jirani, ndiyo maana nyogokuru alikuwa na karoti na kabichi hata wakati wa kiangazi, za kuvusha Petite Barrière, mpaka wa kuingia Goma, kichwani asubuhi na mapema. Jumapili watu wa mji walipanda kuja kupunga upepo. Vijana waliruka majini, askari wakila mahindi ya kuchoma, bunduki mapajani, maana ilikuwa miaka ya wasiwasi baada ya vita na ukuta ulilindwa.

Na kelele! Chini ya bwawa mto ulipita kwenye mawe usiku na mchana, na sisi tuliongea kwa kupayuka bila kujua. Bibi harusi mmoja aliyeletwa kutoka Mudende alilia wiki nzima, akidhani wakwe zake wanamgombeza. Ukuta wenyewe ulivuma. Ukibandika sikio pale kwenye saruji ya baridi ulisikia kama watu wengi wanaimba midomo imefungwa. Watoto wakubwa walituambia ni mafundi walioujenga. Tulicheka, lakini hakuna aliyebandika sikio akiwa peke yake.

Mto wetu unabeba udongo mwingi, kwa hiyo mara kwa mara ilibidi kusafisha bwawa. Walikuwa wanafunga kila kitu kwanza, maji yajae nyuma ya ukuta. Huku chini mto unakauka, kelele inakatika, na sisi tunashuka mbio na vikapu kuokota samaki waliobaki vidimbwini, kuchota mchanga, kufua kwenye mawe safi. Mi sikuupenda ule utupu hata siku moja. Mawe yalikuwa na nywele nyeusi za majani, na kati ya mawe kulikuwa na vitu: kiatu kisicho na mwenzake, sufuria, kitambaa cha mtoto. Miaka ile hakuna aliyeuliza ni vya nani. Mtu aliruka, akaenda kwenye kidimbwi kingine.

Maji yakikaribia kufunguliwa, zamu, ndivyo tunavyomwita mlinzi huku kwetu, aligonga janti. Ilikuwa rimu ya chuma ya gurudumu la lori, imening'inizwa juu kwenye nguzo ukutani. Alipiga mapigo matatu ya polepole, akapumzika, matatu tena, na hakunyamaza mpaka mtu wa mwisho atoke mtoni. Halafu ndipo mlango wa chuma ulipofunguliwa, na tope likapita linanguruma. Kwa hiyo kwetu kila mtu alijua hivi: janti haijalia, maji hayaji. Uhai wetu tuliuweka pale.

Zamu alikuwa amerudi kutoka Tanzania, mtu mrefu, mpweke, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka tukakionea haya. "Nyinyi mnaiua hii lugha," alikuwa akimwambia nyogokuru.

"Kama tulishaiua," nyogokuru anamjibu, "hivi viazi unaombaka kila siku, unaviombaka na luga gani?"

Na viazi anampa. Mi ndiye niliyevipeleka ukutani kila mchana, na maharage juu.

Siku ninayoisema ilikuwa katikati ya mvua za masika, ingawa asubuhi ile hapakuwa na tone. Nilikuwa nusu ya njia, bakuli mkononi, mto ukaanza kushuka sauti. Haukukatika mara moja kama siku za kusafisha. Ulififia, kama mtu anayeondoka huku anaongea. Kisha mashine ya kusaga ikakohoa, ikazima. Redio ya dukani nayo ikazima. Nikasikia watoto wanashangilia huko chini, "Wamefunga! Wamefunga!" na vikapu vinatoka majumbani.

Nilifika ukutani nikamkuta zamu amesimama peke yake, askari wameshuka mjini kula, anatazama nyuma ya ukuta. Bwawa halikuwa limejaa. Lilikuwa linakauka. Tope lilikuwa wazi, jeusi, linang'aa, samaki wanapiga mikia juu yake.

"Mmefunga maji?" nikamuuliza.

"Mimi sijafunga kitu," akasema. "Mto haujafika."

Hakugusa viazi. Nikaweka sikio ukutani. Kwa mara ya kwanza ule wimbo haukuwemo.

Kilichonitisha zaidi ni sauti za watu. Kutoka juu pale hatukuwahi kumsikia mtu wa chini. Siku ile nilisikia kila neno, kama wako mgongoni kwangu. Nilisikia dada yangu mdogo anahesabu samaki, na nyogokuru anamwambia asiloweshe gauni. Walikuwa katikati kabisa ya mto, pamoja na jirani yetu mfua nguo na nusu ya mtaa.

"Gonga janti," nikamwambia zamu.

"Nikigonga na maji yasije, siku nyingine hawatanisikia."

Alisema kweli. Aliyegonga bure aliwahi kuchapwa, na askari walikuja mbio na bunduki. Lakini wakati huo upepo ulishuka kutoka juu ya bonde, wa baridi, unanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Juu kabisa ndege wakaruka wote pamoja, na hawakulia. Mi nilidaka kile chuma cha kugongea na kuanza kupiga kwa nguvu zangu zote.

Chini walicheka, rafiki yangu. Jirani yetu alishika kiuno, akainua uso: "We mutoto, acha michezo! Unazani hatujue mukono ya zamu?"

Kweli walikuwa wanaujua. Mi nilipiga harakaharaka, kama mtoto. Dada yangu alinipungia mkono, akainama tena kwenye kidimbwi chake.

Zamu akaninyang'anya chuma. Akapiga matatu, polepole. Kicheko kikakatika. Vikapu vilitupwa, watu wakapanda kingo kama mbuzi, jirani amembeba dada yangu mgongoni juu ya mashuka mabichi. Nyogokuru peke yake ndiye aliyebaki. Mguu wake ulikuwa umenasa katikati ya mawe mawili.

"Panda kilimani," zamu akaniambia.

"Na wewe?"

"Bibi yako bado yuko chini. Nikinyamaza, atadhani ni salama." Akapiga tena. "Panda, mwanangu!"

Nilipanda. Nilimwona jirani anamshusha dada yangu, anarudi, anamvuta nyogokuru kwa mikono miwili mpaka wote wakaanguka nyasini. Ndipo mto ukafika. Juu huko mlima ulikuwa umeporomoka ukaziba bonde, na sasa kifusi kilikuwa kimeachia. Mto ulikuja na miti imesimama wima, paa la nyumba, na ng'ombe. Ulipita juu ya ukuta kama ukuta haupo. Janti ililia ndani ya maji yale. Watu wazima waliniambia baadaye haiwezekani. Mi niliisikia, na nyogokuru aliisikia, na tuliacha kubishana nao.

Alipotea zamu peke yake. Wavuvi walimtafuta mdomoni mwa mto na ziwani siku nyingi, wakarudi mikono mitupu. Nyogokuru hakulima tena bondeni. Wakati wa chakula alikaa akitazama juu ukutani, na akimtaja alimtaja kwa Kiswahili kilichonyooka, akitafuta maneno polepole, kama mgeni.

Leo mfereji umezikwa na mawe, mashine ya kusaga haipo, mfua nguo na nyogokuru wako makaburini. Dada yangu ana watoto watano, wanene, nimewasomesha mimi. Ukuta ulijengwa upya, na una king'ora cha umeme. Jumapili moja niliwapeleka wale watoto kutembea pale chini. King'ora kikalia. Vijana waliokuwa kwenye mawe walipiga picha moja zaidi, wakatoka taratibu wanacheka, na maji yakaja ya kiasi, safi, bila kumdhuru mtu. Kazi nzuri, siikatai.

Lakini mi nilikuwa nimeinua macho juu ukutani, nipunge mkono kumwonyesha zamu kwamba tumeshatoka wote, anaweza kupumzika. Hakukuwa na mtu.