Ng'ombe Kala Kituo cha Pili

Kwa hiyo ndiyo, wapendwa wa familia, mechi tumefungwa, na aliyetufungisha ni mimi.

Mume wangu, mpenzi wa roho yangu, ndiye kocha wa besiboli pale chuoni. Timu haina fedha, vituo vyetu ni viroba vya mchanga. Mchezaji akikanyaga kiroba, yuko salama; akiguswa kwa mpira akiwa nje yake, katoka.

Jana nilimwonea huruma kuvibeba kwa baiskeli kutoka kwetu Kambarage hadi uwanjani. Nikamwaga mchanga, nikajaza pumba za mahindi.

Mapenzi, jamani!

Leo ilibaki pointi moja tusawazishe. Mchezaji wetu kafika kituo cha pili, kakanyaga kiroba vizuri kabisa. Ng'ombe akaingia uwanjani, akakivuta kutoka chini ya kiatu cha mchezaji, akakipasua, akala.

Mpinzani akamgusa mchezaji wetu kwa mpira. "Umetoka!"

"Niko kituoni!"

"Kituo kiko wapi?"

"Kiko tumboni!"

Mwamuzi alicheka, lakini akamtoa. Ndiye alikuwa wetu wa mwisho, mechi ikaisha. Mwenye ng'ombe akanipungia fimbo, akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja sana kwa pumba, shemeji!"

Nimechoka hadi kope. Mume wangu kachoka zaidi, ila kaniambia tu, "Mke wangu, lakini vilikuwa vyepesi kweli." Nimempenda upya.

Mama mkwe, huko Didia, tuwekee viroba vitupu. Tunakuja kabla mwezi haujaisha, na mchanga nitabeba mwenyewe.