Baba Alipokuja Kunitoa Kwenye Falsafa

Shuleni kwetu Bariadi, shule ya Wakatoliki, kila mwanafunzi wa kidato cha tano alichagua somo moja la alasiri: uongozi, huduma au falsafa. Wa uongozi walianza kuitana "mheshimiwa" hata wiki haijaisha. Wa huduma walikwenda kwa vikongwe wa parokia kuwachotea maji na kuwafulia, wakarudi wamechoka na wamependwa. Sisi wa falsafa, wachache, tulibaki darasani tukiulizana tunajuaje kwamba tunajua. Nililipenda somo lile kuliko wali wa Jumapili, na wali wa Jumapili ulikuwa na nyama.

Baba alipopata habari alichukia. Yeye ni mkulima wa pamba na mfugaji, kwetu ni upande wa Dutwa, na alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake anasomea uongozi. "Falsafa inaliwa?" aliniuliza kupitia simu ya matroni. "Nakuja Alhamisi. Utahamia kwa wenzako wa uongozi." Namjua baba yangu. Akisema anakuja, anakuja, na akisema utahama, anza kufunga virago. Nililia mpaka matroni akanipa chai.

Alhamisi akafika, amevaa koti lake la kwendea harusi za watu. Nikapiga magoti na kumwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akaitikia, akiniita mama kama siku zote, hata akiwa na hasira. Padre aliyetufundisha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba jambo moja tu: akae kwenye kipindi kwanza, halafu aamue. Baba hawezi kumkatalia padre. Akajikunja kwenye dawati la nyuma, uso ameukaza.

Mada ya siku ile ilikuwa ushahidi. Padre, mjanja yule, akamgeukia. "Mzee, ukimpa rafiki yako ng'ombe akutunzie, halafu akaja kukwambia amekufa, utajuaje kama ni kweli?"

Usimuulize Msukuma habari za ng'ombe kama una haraka. Baba alisimama akaeleza, kwa sauti ya mkutanoni, kwamba maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi. "Mwenyewe anaitazama, anaitambua. Ngozi haidanganyi. Kesi imekwisha." Darasa likampigia makofi, naye akajitahidi asitabasamu.

Kwetu binti habishani na baba yake mbele za watu. Hilo nalijua tangu natambaa. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda, na ulimi ukaufuata.

"Baba, na fisi wakimla huko porini, ngozi isipatikane? Huyo mtunzaji ni mwongo?"

Rafiki yangu wa dawati moja akanifinya. Nikajua nimejimaliza mwenyewe, falsafa kwaheri. Baba alinitazama, mimi nikatazama sakafu.

"Yalinikuta hayo," alisema hatimaye, polepole. "Kabla hujazaliwa. Nilikuwa namtunzia rafiki yangu wa Maswa ng'ombe, jike, tena na mimba. Fisi hawakuacha hata mkia. Nikaenda kwake mikono mitupu, nimejiandaa kulipa. Akanikaribisha ugali. Akasema, 'Nimeelewa.' Basi. Msimu uliofuata akaniletea wengine."

"Kwa nini alikuamini, mzee?" padre akauliza.

"Hilo ndilo sijui." Baba akakuna kichwa. "Ingekuwa yeye, mimi nisingemwamini."

Darasa zima likaangua kicheko, na baba akacheka kutuzidi wote. Kisha mmoja wetu akasema rafiki yule aliamini kwa sababu walijuana. Mwingine akadakia, kujuana nako ni ushahidi? Baba akabisha, akabishiwa, akasimama tena, akavua koti. Kengele ililia na hakuna aliyeondoka. Waheshimiwa wa uongozi wakaja kuchungulia madirishani. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," rafiki yangu akaropoka, na baba akamjibu, "Huyu sumu yake imeshanizidi." Nilijisikia furaha ya kutaka kuruka.

Lakini kuhusu kuhama kwangu hakutamka neno. Nilimsindikiza mpaka getini, nikapiga magoti kumuaga.

"Baba, sasa nihame?"

"Uhame uende wapi?" Alikuwa anatazama barabarani, hanitazami mimi. "Yule rafiki yangu amezeeka sasa. Kila nikimuuliza kwa nini aliniamini, anacheka tu. Miaka yote hii, mayu, swali lile linaniamsha, na nyumbani sina wa kumuuliza. Wewe baki hapahapa usome. Ukilipata jibu, nipigie nikiwa bado hai."