Mama wa Kipaza Sauti

Sisi Wazapoteki wa mji huu, kusini mwa Meksiko, hatusubiri redio. Tuna mama wa kipaza sauti. Kila asubuhi hukohoa, hushika maikrofoni kama anayeshika kuku asije akaruka, na kwa sauti isiyopanda wala kushuka hutangaza kamba wabichi, nguruwe aliyepotea, maziko. Kampuni ya umeme wa upepo ilipomtaka atangaze kwamba tumekubali kutoa ardhi ya jumuiya, alimjibu mjumbe wao, "Mimi hutangaza yaliyotokea, mwanangu. Hilo halijatokea." Kampuni ikapata kibali cha serikali hata hivyo, nasi tukaenda mahakamani.

Ijumaa wakili wetu alimpigia simu. Mama alisikiliza huku akipangusa maikrofoni kwa pindo la sketi, kisha akaiwasha. "Jaji amefuta kibali cha mitambo. Hatukuulizwa, kwa hiyo haijengwi. Ardhi ni yetu." Mzee Eliodoro akapaza sauti kutoka barabarani, "Rudia, dada, masikio yangu mabovu."

"Masikio yako mazima, wewe mzee," akajibu, na mji mzima ukasikia. Yeye huwa harudii tangazo. Siku ile alirudia, akarudia tena, huku analia na kucheka, mpaka sauti ikamkauka na barabara ikajaa watu wanaocheza.